Mimba ya Mayai, Kutoka Mnyambe Hadi Masasi

Kama uliwahi kusikia pale Masasi, au hata Nanganga (maana habari ilifika mpaka Nanganga, nimethibitisha), kwamba kuna mwanamke msomi alijifungua mayai ya kuku mbele ya wanafunzi na wazazi wao, basi mwanamke huyo ni mimi, naitwa Rehema, niko hai na nina afya njema, na kabla hujaongeza chumvi yako nakuomba uisikie kwanza kwa mwenyewe. Aibu niliipata, sikatai. Niliipata ya kutosha ukoo mzima. Lakini nimeshaizoea kama mtu anavyozoea kovu usoni, siku hizi naisimulia mwenyewe kabla mtu hajanianza.

Mimi ni mtu wa Mnyambe, kule juu Newala. Marehemu baba alikuwa mwalimu wa kanisa, mama bado ana mikorosho yake na shamba la mihogo, na kazi yangu ni zile kazi ambazo ukimweleza mtu msibani anakutazama kwa heshima, halafu anakuuliza, sasa unafundisha shule gani? Nasomea ubongo. Si ubongo wa mtu mzima uliokwisha kukomaa, hapana, nasomea ubongo pale unapoanza kabisa, wakati bado ni mrija mwembamba kama uzi, na kwenye ukuta wa mrija huo kuna seli changa zinazogawanyika mchana na usiku, moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, na kila seli imebeba maelekezo yaleyale, yaani jeni, ila haiyasomi yote kwa mpigo, inasoma sehemu hii inaiacha ile, na hicho inachokisoma ndicho kinachoamua kama itaendelea kugawanyika au itatoka pale ukutani iende ikawe seli ya neva. Ikishatoka, hairudi. Mimi kazi yangu ni kuchungulia jeni zipi zinawaka na zipi zinazimwa wakati seli hizo zinagawanyika, na kwa kuwa huwezi kumfungua tumbo mama wa watu ukachungulia, tunatumia yai la kuku, maana kifaranga naye ubongo wake unaanza na mrija kama huohuo.

Sasa, rafiki yangu Tumaini, tuliyesoma naye sekondari bweni moja, ni mkuu wa shule ya wasichana Masasi mjini. Akanipigia simu.

"Rehema, wasichana wangu wanaiogopa baiolojia kama ukoma. Wanaikariri tu, hawajawahi kuiona. Na wazazi nusu yao wanataka nifunge mchepuo wa sayansi, wanasema unawapotezea watoto muda. Njoo na mayai yako, siku hiyohiyo nitaita kikao cha wazazi, nao waone."

Nikamwambia, "Hilo niachie mimi." (Hayo ndiyo maneno yangu. Nayasema nikiwa sijafikiri hata kidogo, na nitaendelea kuyasema.)

Nikapanda basi kutoka chuoni na hadubini yangu na mashine ndogo ya kutotolea, nikafikia kwa mama Mnyambe, nikakusanya mayai ya kienyeji kwa majirani, nikayaatamisha. Hesabu yangu ilikuwa safi kabisa. Siku ya tatu ya kuatamia ndiyo tamu, moyo umeanza kudunda, na ule mrija wa ubongo umeanza kuvimba mbele, unaona kabisa hapa patakuwa ubongo wa mbele, hapa wa kati, hapa wa nyuma. Gari la shule lingekuja kunichukua asubuhi ya siku hiyo. Kila kitu kilikuwa mkononi.

Alfajiri umeme ukakatika.

Anayeijua Newala ya miezi ile ya baridi ananielewa. Ukungu umeshuka mpaka mlangoni, mama amevaa sweta mbili, na mashine yangu inapoa huku naiangalia. Seli zile zikipoa zinapunguza mwendo, zikipoa sana zinakufa, na mimi nitafika Masasi na mayai ya kukaanga. Jiko la mkaa lingeyachemsha. Kwa hiyo nikafanya uamuzi mmoja mdogo tu, uamuzi ambao mpaka leo nikiutazama kisayansi sioni kosa lake: joto la mwili wa mtu linakaribia joto la kuku. Nikayapanga mayai kwenye kitenge kilichokunjwa, nikajifunga tumboni, nikazungushia kanga nyingine, juu nikavaa dera na sweta. (Ndiyo, najua, ningetia maji ya moto kwenye chupa nikazipanga ndani ya boksi. Nimeshaambiwa na watu wengi mno tangu siku ile, asanteni nyote.)

Mama akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Rehema, hivyo ulivyo watu watasema."

"Watasema nini mama, mimi si mke wa mtu?"

"Ndicho hicho ninachokuambia," akasema, akarudi jikoni.

Hapo inabidi nikueleze jambo. Nimeolewa na Beno, fundi majokofu, kazi yake Mtwara, kwao Lukuledi. Tuna miaka kadhaa ndani ya ndoa na hatujapata mtoto. Sisi wawili tulishalizungumza na maisha yanaendelea, ila huku kwetu mwanamke wa umri wangu anaitwa Mama fulani, na mimi bado naitwa Rehema, na kila anayeniita anasita kidogo kabla ya jina, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni hakipati.

Gari likafika, pikapu ya shule, dereva ni Baba Halima, mtu mpole asiye na maneno mengi. Kiti cha mbele alishakaa Mama Skola, jirani yetu na mwimbaji mkubwa wa kwaya, ameomba lifti ya Masasi. Nikapanda taratibu, mkono mmoja mlangoni, mwingine umeshika tumbo.

"Shikamoo Mama Skola."

"Marahaba mwana... Heee! Rehema!" Macho yakashuka tumboni, yakabaki hukohuko. "Jamani! Hongera! Hongera mwanangu, Mungu mkubwa!"

Mimi nikasema, "Asante."

Basi. Neno moja. Nikijitetea naweza kusema kwamba kumweleza Mama Skola habari ya seli na jeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenye ukungu ilikuwa safari ndefu kuliko ya Masasi, na ni kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba ile hongera ilikuwa tamu. Hakuna aliyewahi kunipa. Nikasema niionje tu mpaka Masasi, halafu nitaishusha.

"Ya miezi mingapi?"

"Bado changa sana," nikasema, na hapo sikudanganya.

"Changa na ukubwa huo? Basi utazaa dume la nguvu!"

Baba Halima alivyosikia hivyo akapunguza mwendo. Tukaanza kwenda kama tunasindikiza maiti. Baiskeli iliyopakia mihogo ikatupita. Nikamwambia, "Baba Halima, kimbiza tu, tutachelewa," akajibu bila kugeuka, "Siwezi kubeba dhambi hiyo, mama." Mama! Ameniita mama! Nikanyamaza kimya, nakiri. Mahali fulani Mama Skola akasimamisha gari, akarudi na udongo wa kula umefungwa kwenye nailoni, ule wanaotafuna wajawazito, akanikabidhi, akanisimamia. Ningefanyaje? Nikatafuna. Nikatafuna udongo mwanamke mzima mwenye shahada mbili, na tumboni mayai yangu yamekaa raha mustarehe.

Nilichokuwa sijui ni kwamba aliposhuka kununua udongo alishapiga simu. Skola, binti yake, ameolewa Lukuledi. Nyumba ya Skola na nyumba ya mama mkwe wangu zinatenganishwa na uzio wa miti tu.

Tukiwa tunaanza kuteremka kutoka juu, simu yangu ikaita. Beno.

"Rehema, mama amenipigia analia kwa furaha. Anasema una mimba kubwa. Mimba kubwa! Si ulikuwa hapa Mtwara juzijuzi tu?"

Sikio la Mama Skola lilikuwa karibu na simu kuliko langu.

"Nitakueleza jioni," nikasema.

Kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake akauliza, "Kwa hiyo ni kweli?"

Na mtandao ukakatika. Kona ile ya mteremko haina mtandao, kila mtu anajua, na pale ndipo nilipoanza kutoka jasho. Nikafungua mdomo nimwambie Mama Skola ukweli, lakini yeye alishaanza kuimba pambio la shukrani, na Baba Halima, mtu asiye na maneno mengi, anaitikia.

Shuleni walikuwa wamejipanga. Wasichana na sare zao, wazazi kwenye mabenchi ndani ya ukumbi, walimu mlangoni, na Mama Skola alitangulia kushuka akapiga kigelegele kimoja kirefu, kikajibiwa na ukumbi mzima hata kabla watu hawajajua ni cha nini. Tumaini akaja mbio akanishika bega.

"We mwanamke! Mbona hukuniambia?"

"Tumaini," nikamnong'oneza, "ni mayai."

"Mawili?" Macho yakamtoka. "Jamani, ni mapacha!"

Vigelegele vikapanda. Nikawa nasukumwa kwenda mbele, mtu ananishika kiwiko, mtu ananiwekea mto kwenye kiti, na mimi akili yangu yote iko kwenye ile ofisi ndogo nyuma ya ukumbi ambako nilimwambia Tumaini aniwekee taa ya joto. Nikifika pale tu, najifungua kanga, natoka na tumbo langu la kila siku, nawaeleza, tunacheka, yameisha. Zilibaki hatua chache.

Mlango wa pembeni ukafunguliwa, akaingia Mama Beno.

Alikuwa amekuja na bodaboda kutoka Lukuledi, vumbi mpaka kwenye nyusi, amevaa nguo zake za misa, mkononi mfuko wa unga wa ulezi na kitenge kipya kilichokunjwa. Inabidi umjue mama mkwe wangu. Si mtu mbaya, ila ni mtu wa kupeana mkono. Tangu siku ya harusi hajawahi kunikumbatia. Siku hiyo aliuweka mfuko chini, akaja moja kwa moja, akafungua mikono yote miwili, na kabla sijapata hata "shikamoo" akanikumbatia kwa nguvu zake zote, nguvu za mwanamke aliyelima tangu utoto.

Krak.

Nikasikia uvuguvugu unateremka pajani, gotini, mpaka kwenye kiatu. Mama Beno naye akausikia kwenye mguu wake. Akatazama chini, akatazama uso wangu, akapiga kelele iliyosimamisha ukumbi:

"Chupa imepasuka! Jamani, mkwe wangu, chupa imepasuka!"

Sitasahau kasi ya akina mama wa Masasi. Kufumba na kufumbua wamevua kanga zao wamenizungushia ukuta, wanaume wametolewa mpaka mwenyekiti wa wazazi amebanwa mlangoni, nimeshalazwa juu ya meza ileile iliyoandaliwa hadubini yangu, na Mama Skola ameshika uongozi kana kwamba alizaliwa kwa siku hiyo.

"Pumua mwanangu! Usisukume bado!"

"Mama Skola, ni mayai! Nimebeba mayai!"

"Anaweweseka," akawaambia wenzake. "Ni uchungu. Mfungueni."

Wakanifungua. Kanga ya juu, kitenge cha chini, na mayai yakaanza kutoka, moja, jingine, jingine, yanabingirika juu ya meza, mawili yakaanguka yakapasuka, moja likateleza juu ya kanga iliyoning'inia mpaka chini, likapita chini ya ukuta wa kanga, likatembea taratibu sakafuni mpaka kwenye kiatu cha mwenyekiti wa wazazi, likasimama. Nje dirishani msichana mmoja akasema kwa sauti nyembamba, "Amejifungua mayai!" Hiyo ndiyo sentensi iliyofika Nanganga.

Ndani hakuna aliyecheka. Mikono ilibaki hewani na kanga zake. Mama Beno alisogea, akatazama meza, akalitazama tumbo langu ambalo sasa lilikuwa tambarare, limelowa ute na kiini.

"Rehema," akasema polepole. "Mtoto yuko wapi?"

Nimepita usaili wa maprofesa, nimesimama mbele ya watu wa kila aina, hakuna swali lililowahi kunibana kama lile.

"Hakuna mtoto, mama. Sikuwa na mimba. Ni mayai ya darasani, nilikuwa nayatia joto. Niliitikia hongera ambayo haikuwa yangu. Nisamehe."

Mama Beno akaenda benchi la mwisho akakaa, kitenge kipya juu ya mapaja.

Kama ungekuwa wewe labda ungekimbia, na mimi nilishautazama mlango. Lakini mayai yalikuwa yanapoa, seli zilikuwa humo ndani zinagawanyika, hazina habari na aibu yangu, na wasichana walikuwa wamejazana dirishani. Nikasimama, nikafuta mikono kwenye dera, nikasema kwa sauti yangu ya darasani, "Mwalimu Tumaini, taa yangu iko wapi? Wasichana ingieni. Na mwenyekiti, naomba hilo yai lililosimama kwenye kiatu chako, liinue kwa mikono miwili."

Akaliinua kama amepewa bomu.

Nikalipasua lile lililokuwa na ufa kwenye bakuli la maji ya vuguvugu yenye chumvi. Juu ya kiini kulikuwa na duara la mishipa midogo myekundu, na katikati kidoa kinachodunda. Dunda, dunda, dunda. Msichana wa mbele akashika mdomo. Mwenyekiti wa wazazi, aliyekuja kufunga mchepuo, akainama mpaka miwani ikakaribia kuingia bakulini. "Huo ni moyo?" Nikamwambia ni moyo, na ukifuata hapa juu, hivi vivimbe vitatu, ndio ubongo unajengwa sasa hivi unavyoangalia. Nikawaweka kwenye hadubini mmoja mmoja. Nikawaonyesha vioo vyenye vipande vyembamba vya kifaranga nilivyotoka navyo chuoni, ambavyo tunavitia rangi inayoshika mahali jeni fulani ilipowaka tu, wakaona ukuta wa mrija wenye mstari wa zambarau upande wa ndani, na nje ya mstari hakuna rangi. Nikawaeleza kwamba hapo kwenye zambarau seli bado zinagawanyika, na hapa nje zimeshaacha, jeni ile imezimwa na nyingine imewashwa, zimekwenda kuwa neva. Maelekezo ni yaleyale, kinachosomwa ndicho tofauti.

Ghafla nikasikia kutoka benchi la nyuma, "Naomba kuuliza."

Alikuwa Mama Beno. Amesimama.

"Hiyo ya kuendelea kugawanyika. Je, ikizimika mapema?"

Swali lile ndilo ninalolala nalo na kuamka nalo. Nikamjibu kama ningemjibu profesa. "Ikizimika mapema, mama, seli zinatoka ukutani kabla hazijawa nyingi. Za kujengea zinaisha. Ubongo unabaki mdogo, na mtoto anazaliwa na kichwa kidogo."

"Na kinachoizima ni nini?"

"Ni mambo mengi. Wakati mwingine jeni yenyewe imekuja na hitilafu. Wakati mwingine ni ugonjwa ulioingia mama akiwa mjamzito. Mengine bado hatuyajui, ndiyo tunatafuta."

"Si kwa sababu mama alimcheka mtu?"

Nikaiacha hadubini, nikamgeukia.

"Hapana, mama. Seli haijui mama kamcheka nani."

Akaitikia kwa kichwa mara moja, akakaa.

Kikao kilipoisha nilimkuta nje, ameketi kwenye ngazi. Nikakaa chini yake na dera langu limekauka gumu kama ngozi ya ngoma.

"Baada ya Beno nilizaa msichana," akasema bila kunitazama. "Veronika. Kichwa chake kilikuwa kama ngumi. Alikaa nasi kidogo akaenda. Wakasema nilimcheka kilema wa kwa jirani nikiwa na mimba. Na kweli nilicheka, Rehema, nilikuwa msichana, alianguka na ndoo, nilicheka. Nimeungama lile jambo mpaka padri akachoka."

Beno hakuwahi kuniambia. Baadaye niligundua hata yeye alikuwa hajui jina.

"Siwezi kukuambia kilichompata Veronika ni hiki au kile," nikasema. "Sikumwona. Lakini kicheko hapana."

Akafuta macho kwa kile kitenge kipya. Halafu sauti ikabadilika, ikarudi ile ninayoijua. "Sasa wewe. Lukuledi nzima nimeitangazia. Jumuiya nimeiambia, mpaka mwenye mashine ya kusaga. Unafikiri mimi nitarudi kule na unga wangu niseme nini?"

"Nitakwenda mwenyewe mama. Nitawaambia mimi."

"Twende sasa. Na usibadili nguo."

Tukaenda. Njiani nikampigia Beno nikamweleza yote kwa sauti kubwa juu ya bodaboda, akacheka, na jioni hiyo tulizungumza mengi ambayo si ya hapa. Lukuledi akina mama wa jumuiya walikuwa wameshakusanyika uwanjani kwa Mama Beno, ngoma wanayo, uji wa ulezi uko motoni. Nikasimama mbele yao na kiini cha yai kimekauka mpaka kwenye soksi, nikasimulia kuanzia umeme ulipokatika mpaka yai lilipogonga kiatu cha mwenyekiti. Sikuacha kitu, hata udongo nilisema. Wakacheka mpaka mmoja akalala chini. Waache wacheke, nilikuwa nimestahili.

Kisha bibi mmoja, kwa nia njema kabisa, akapangusa machozi akasema, "Basi mwanangu, na cha ukweli lini?"

Nikafungua mdomo nijibu lile jibu langu la miaka yote, la kwamba tunaomba Mungu. Mama Beno akaniwahi.

"Huyo asiulizwe," akasema. "Tangu leo mtu asimuulize. Akipata atasema, asipopata ni mkwe wangu vilevile. Anatafuta kilichomuua Veronika wangu, ana kazi ya kufanya."

Wengi pale walikuwa hawajawahi kumsikia akilitaja jina hilo. Wazee wachache walilikumbuka. Mmoja wao akasogeza kigoda karibu na Mama Beno, akamshika mkono, na kwa muda uwanja wote ukawa wa Veronika: alikuwa na vidole virefu, alipenda kuimbiwa, alizikwa siku ya mvua. Mimi niliketi kwenye mkeka, nikanywa uji niliopikiwa mtoto asiyekuwepo, na ulikuwa mtamu.

Mchepuo wa sayansi haukufungwa, Tumaini ananiambia mwaka huu wasichana wameongezeka, ingawa anadai nusu wamekuja kutafuta mayai. Mimi nimeapa mambo mawili. La kwanza, mayai yangu hayatasafiri tena tumboni, hata Newala igande barafu. La pili, mtu akinipa hongera nisiyoistahili namrudishia hapohapo, kabla gari halijaondoka.

Na Lukuledi hawaniulizi tena. Wananiita Mama Mayai, watoto kwa wakubwa, na hakuna anayesita kabla ya kulitamka.